Buriani ya Mzazi: Utendi wa Mwana Kupona na Mila ya Kuagana

Katika lugha yetu yako maneno mengi ya kuagana, na kila neno lina mahali pake. Anayekwenda shambani asubuhi huambiwa kwaheri. Anayekwenda kulala huambiwa alamsiki. Anayefunga safari huombewa salama. Lakini liko neno moja ambalo wazee wa pwani hawakulitumia ovyo, nalo ni buriani. Hawakuridhika kusema kwamba fulani ametoa buriani. Walisema fulani na fulani wametakana buriani, na katika huko kutakana ndimo ilimo maana yote. Kutakana buriani ni kutakana radhi: wewe unisamehe niliyokukosea, nami nikusamehe uliyonikosea, ili ikiwa hatutaonana tena, pasiwe na mmoja wetu aliyebaki na deni la mwenziwe moyoni. Baharia aliyepanda jahazi wakati wa kusi alitakana buriani na mkewe. Haji aliyeshika njia ya Makka, zama ambazo safari hiyo ilikuwa ya miezi, alipita nyumba kwa nyumba akitaka buriani kwa majirani. Na aliyekuwa na haki kubwa zaidi ya neno hili ni mzazi aliyelala katika maradhi ya kufa.

Nataka katika kurasa hizi nieleze mila hiyo jinsi ilivyokuwa, kisha nionyeshe ya kuwa utungo mmoja mashuhuri, ambao walimu wengi huufundisha na wanafunzi wengi huufanyia mtihani kama mafunzo ya ndoa, kwa asili yake ni buriani ya mama mgonjwa kwa binti yake. Utungo wenyewe ni Utendi wa Mwana Kupona.

Tuanze na mila. Ilipodhihirika kwamba mizizi na makombe hayamfai tena mgonjwa, nyumba ilibadili mwendo. Waliokuwa mbali walipelekewa habari. Sauti zilishushwa, watoto wakakatazwa michezo ya kelele ugani, na mlango ambao kwa kawaida hufungwa mchana wa jua kali sasa uliachwa wazi, kwa kuwa kila ajaye kumtazama mgonjwa ana haki ya kuingia. Jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa la deni. Nani anamdai mgonjwa, naye mgonjwa anamdai nani? Ni amana gani ya watu iliyo sandukuni mwake? Huenda kijana wa leo akaona ni utovu wa adabu kumsumbua mtu anayekufa kwa habari za fedha, lakini wazee waliona kinyume chake. Deni la marehemu ni mzigo juu ya shingo yake, na kumfichia mgonjwa habari hiyo ni kumpeleka safarini na mzigo ambao angeweza kuutua.

Baada ya deni ulifuata wosia. Hapa yatupasa kutofautisha mambo mawili, ambayo lugha yetu imeyapa takribani jina moja. Uko wasia wa mali, ambao una sheria zake. Kwa sheria ya Kiislamu, iliyotawala mirathi katika miji ya pwani, mtu hawezi kuusia zaidi ya thuluthi moja ya mali yake, wala hawezi kumwongezea mrithi kitu juu ya fungu lake ila warithi wenziwe wakiridhia. Mafungu yamekwisha katwa: mtoto wa kiume hupata mara mbili ya fungu la dada yake. Halafu uko wosia wa maneno, ambao hauna kadhi wala mizani. Huo ni nasaha za mwisho. Naam, vitabu vya dini vimejaa mifano yake: Lukmani akimuusia mwanawe, na Yakobo akiwakusanya wanawe kitandani pake, habari ambayo Waislamu na Wakristo wote wanayo katika vitabu vyao. Kwa hiyo hata ndugu zetu wa bara, ambao hawakuupata mwenendo huu kwa njia ya pwani, hawakuona ugeni ndani yake. Wengi wao walikuwa tayari na mila ya mzee kuwabariki wanawe kabla ya kukata roho.

Mwisho ndipo ilipokuja radhi. Watoto walimwendea mzazi, wakamshika mkono, wakasema: Mama, au Baba, nimekukosea kwa niliyoyajua na nisiyoyajua, niwie radhi. Naye akajibu kwamba yu radhi nao. Mara nyingi mzazi naye aliomba asamehewe, na huu, kwa maoni yangu, ndio upande wa mila hii ambao watu huusahau. Mzazi, ambaye maisha yake yote alikuwa juu, alishuka akasimama sawa na mwanawe. Yalipokwisha hayo, kilichobaki kilikuwa cha uchungu lakini kilikuwa chepesi: Yasini ikasomwa, midomo ikalowanishwa kwa maji, mgonjwa akaelekezwa kibla na kukumbushwa shahada. Waliokaa pale walilia, lakini walilia kilio cha watu waliokwisha semezana.

Hiyo ndiyo mila. Sasa na tumtazame bibi mmoja aliyeifanya kwa wino.

Mwana Kupona binti Msham alizaliwa Pate mapema katika karne ya 19. Kisiwa cha Pate, kaskazini ya Lamu, kilikuwa na miji mitatu mikubwa, Pate yenyewe, Siyu na Faza, na kwa wakati huo utukufu wa mji wa Pate ulikuwa umekwisha pungua. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha tunga Al-Inkishafi akiyatazama majumba ya matajiri yaliyobaki magofu. Siyu ndio uliokuwa ukivuma. Mji huo ulijulikana kwa wanavyuoni wake, kwa mafundi wa ngozi, na kwa wanakili wa vitabu. Mtawala wake alikuwa Bwana Mataka, mtu aliyekataa kata kata kuinama mbele ya Sayyid Said wa Unguja. Miaka ya 1840 Sayyid Said alipeleka jeshi kubwa kuitia Siyu adabu. Jeshi lilishindwa, na jemadari wake akauawa. Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka huyu. Walizaa watoto wawili, mwana wa kiume na binti aliyeitwa Mwana Hashima.

Msomaji na aitazame hali yenyewe mwaka 1275 wa Hijra, yaani 1858. Bwana Mataka amekwisha fariki. Ugomvi na Unguja haukwisha. Bado Siyu inakaidi, na katika miaka ya 1860 itakuja kuangushwa na majeshi ya Sayyid Majid. Mama mjane yu mgonjwa, na ugonjwa wake, kama ulivyosimuliwa, ulikuwa wa kutokwa damu usiokoma. Binti ana miaka kama 17. Ndugu wa kiume ni wa nyumba iliyo vitani. Ni dhahiri kwamba huyu binti karibu atakuwa yatima wa baba na mama, katika mji ambao kesho yake haijulikani. Mama alifariki yapata mwaka 1860, miaka miwili tu baada ya kutunga. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Kupona, na hakupona.

Utendi wenyewe una beti zipatazo 100. Umeandikwa kwa lahaja ya kaskazini na kwa hati ya Kiarabu, kama zilivyokuwa tendi zote za zama hizo. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani nane nane. Vipande vitatu vya kwanza hugawana kina kimoja, na kipande cha nne hushika kina cha ya, ambacho hakibadiliki tangu mwanzo hata mwisho. Nataja kanuni hizi kwa sababu zinahusu shabaha yetu. Kina kile cha mwisho, kinachorudi kama mawimbi katika ufuko, ndicho kinachoufanya utendi uhifadhike kwa moyo. Mama anayejua kwamba hatakuwapo kumkumbusha mwanawe hana budi kutafuta maneno yatakayojikumbusha yenyewe.

Sasa tazama anavyoanza. Hakuanza kwa mume, wala kwa nyumba. Anamwita binti yake akaribie, akae, alete wino na karatasi, kwa kuwa ana jambo moyoni ambalo angependa kumwambia. Kisha anamweleza hali yake bila ya kuficha: maradhi yamemshika hata umetimia mwaka, na kwa muda wote huo hakupata kutamka neno jema la kumwambia. Mwalimu akifika hapa aende polepole. Mwaka mzima mama na binti wamekaa nyumba moja, mmoja akiuguza na mwingine akiuguzwa, na lile neno halikusemwa. Nani asiyezijua nyumba za namna hiyo? Kuna uji wa kupika, kuna nguo za kufua, kuna wageni wa kupokea, na siku zinapita. Kila mmoja anamwogopea mwenziwe. Mwana Kupona anaikata kimya hiyo kwa kuagiza vifaa vya kuandikia.

Kisha anamwambia binti apokee hirizi, aifunge vema kwa uzi. Anamwambia atamtungia kidani cha lulu na marijani amvike shingoni. Anamwambia atampa kifungo kizuri kisicho na kasoro. Wafafanuzi wamezoea kusema kwamba haya ni mapambo ya kishairi, na huishia hapo. Mimi nayasoma pamoja na ile sheria ya mirathi niliyoitaja. Vidani vya kweli, vya dhahabu na lulu, vilikuwa mali. Siku mama atakapofumba macho vitaingia katika hesabu, na kaka atachukua mafungu mawili pale dada anapochukua moja. Hapakuwa na njia ya kumpendelea binti katika sanduku. Lakini kidani cha maneno hakigawanywi. Hakuna kadhi awezaye kukikata mafungu. Hicho mama alikuwa na haki ya kumpa Mwana Hashima kizima, na ndicho alichompa.

Baada ya hayo ndipo yanapokuja mafunzo. Ashike dini, awe mkweli, awe na adabu na ulimi mzuri, ili apendwe kila aingiapo, asiingie katika mambo asiyoyajua wala asikae na wajinga. Ana haki tano za kutimiza: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Kutoka hapo utendi unakaa kwa muda mrefu juu ya ile haki ya tano. Mume akilala asiamshwe, apepewe. Akiamka akute chakula. Nyumba iwe safi. Mke ajifukize, ajipake hina, atie wanja. Asitoke bila ya ruhusa. Siku ya hukumu, anasema mama, mume ataulizwa, na radhi yake ndiyo itakayomfungulia mke njia.

Sehemu hii ndiyo iliyoubebesha utendi jina lake. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliupiga chapa Uingereza pamoja na tafsiri, na jina la kitabu chao kwa Kiingereza liliufanya kuwa nasaha juu ya wajibu wa mke. Tangu hapo wasomaji wamegawanyika pande mbili. Wako wanaousifu kwa kuwa unamfunza mwanamke utii, na wako wanaoulaani kwa sababu hiyo hiyo. Vijana wangu wa sekondari, hasa wasichana, wengi wako upande wa pili, wala siwalaumu. Sikusudii kutetea kila ubeti. Uko ubeti unaomkataza binti kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi, na haifai mwalimu aupite kimya. Miji ile ilisimama juu ya migongo ya watu waliotekwa, waliolima mashamba ya bara yaliyoelekea visiwa. Mwana Kupona alikuwa bibi wa tabaka la wenye watumwa na alisema kama bibi wa tabaka hilo. Tukiusifu ufundi wake tuseme na hilo.

Hata hivyo, pande zote mbili zinausoma utendi kana kwamba uliandikwa na mwalimu wa unyago mwenye afya njema, aliyekaa darini akitafuta kanuni za ndoa. La hasha. Uliandikwa na mtu anayehesabu miezi yake. Swali lililomkabili lilikuwa hili: nitakapokuwa sipo, mwanangu atalala wapi, na nani atamtazama? Baba hayupo. Nyumba ya baba iko hatarini. Katika jamii ile, kwa binti wa mtawala aliyefiwa, paa lililobaki lilikuwa paa la mume. Mama anamfundisha binti jinsi ya kukaa salama chini ya paa hilo, kama vile mama mwingine angemfundisha mwanawe kuogelea kabla chombo hakijazama. Twaweza kusema kwamba jamii iliyompa mwanamke paa moja tu ilikuwa na dhuluma. Ni kweli. Lakini mama huyu hakuwa na muda wa kuingoja jamii ibadilike.

Kuna jambo jingine, nalo kwangu mimi ndilo kiini. Katikati ya mafunzo yale ya mume, mama anaacha kufundisha na kuanza kusimulia. Anamweleza binti jinsi alivyokaa na baba yake, kwa furaha na mahaba, wasiaibishane muda wote walioishi pamoja. Kisha ikafika siku ya faradhi, siku ya mauti, na yule mume akawa anamkariria mkewe kwamba yu radhi naye. Tangu siku ile, asema, hajaacha kulia kila akumbukapo mazoea yao. Basi ndani ya utendi mmoja pana vitanda viwili vya mauti. Katika cha kwanza Bwana Mataka, yule aliyeyarudisha nyuma majeshi ya Unguja, yu amelala akimtakia radhi mkewe, tena na tena. Katika cha pili mke huyo amelala, na ile radhi aliyopewa anaionyesha kwa binti yake kama mtu aonyeshaye hati. Ukiisoma sehemu ya mume ukiwa umeufahamu ubeti huu, neno radhi linabadilika. Linakuwa ndilo lile lile la buriani: lile linalotakiwa kuwa limesemwa kabla ya roho kutoka.

Anapokaribia mwisho mama anageuka kutoka kwa binti na kumwelekea Mungu. Anamwomba kwa majina yake, anawaombea watoto wake na ndugu zake, anawakabidhi kwake. Mtindo unageuka hapa, ule ukali wa kufundisha unaondoka, na sauti inakuwa ya mtu aombaye usiku. Kisha, kwa kustaajabisha, anawaita wanawake wote wausome. Maneno yaliyoanza chumbani, mama kwa binti, yanafunguliwa mlango, kama ulivyofunguliwa mlango wa nyumba ya mgonjwa.

Nao wanawake waliusoma. Waliunakili kwa mikono, wakawafundisha binti zao. Mwana Hashima mwenyewe aliishi mpaka karne ya 20, akazeeka Lamu. J. W. T. Allen alipotoa kitabu chake cha Tendi mwaka 1971, huu ulikuwamo. Na desturi ya mzazi kumwandikia mwanawe wosia wa utenzi haikukoma. Shaaban Robert, mtumishi wa Serikali na malenga wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alimtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Yeye aliandika miaka mingi kabla ya kufa, akiwa na nafasi ya kusema mengi. Ndiyo maana tenzi zake ni tulivu zaidi, na kwa maoni yangu hazichomi kama huu.

Ni lini, basi, tulianza kuipoteza buriani? Jawabu moja limo katika historia ya kazi. Serikali za kikoloni na wenye mashamba ya mkonge waliwachukua vijana kutoka pande za mbali za nchi na kuwapeleka Tanga kwa mikataba. Hao ndio tuliowaita manamba. Mzazi aliugua kijijini, mwana yu katika kambi ya mkonge mwendo wa siku nyingi. Habari ilimfikia kwa barua au kwa mdomo wa mwenziwe aliyetoka likizo, na mara nyingi ilikuwa si habari ya ugonjwa tena bali ya kaburi. Baada ya uhuru safari zilikuwa nyepesi zaidi, lakini sisi watumishi wa umma tuliendelea kuhamishwa huku na huko. Nimekaa ofisini miaka mingi na nimesoma maombi mengi ya ruhusa ya dharura. Yaliyoandikwa kwamba mzazi amefariki yalipitishwa siku hiyo hiyo. Yaliyoandikwa kwamba mzazi yu mgonjwa sana yaliulizwa maswali: mgonjwa kiasi gani, una ushahidi gani, je, hapana ndugu mwingine wa kumtazama? Taratibu zetu zilimpa mtu nafasi ya kuzika kwa wepesi kuliko nafasi ya kuaga.

Jawabu la pili ni hospitali. Sina neno baya juu ya hospitali, zimetuokoa. Lakini pamoja na dawa ziliingiza saa za kutazama wagonjwa, na chumba chenye vitanda vingi, na pazia. Nalo likaingia jambo zito zaidi, ambalo si la waganga peke yao bali ni letu sisi jamaa: tumejifunza kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Daktari humwita mwana mkubwa pembeni na kumwambia kwamba saratani ya mama imekwisha enea. Mwana hurudi kitandani akitabasamu na kusema, Mama, daktari anasema utapona. Mama naye, ambaye mwili wake umekwisha mwambia, hunyamaza asimvunje mwanawe moyo. Huyu anamficha yule na yule anamficha huyu, mpaka siku inafika. Kisha tunasimama matangani na kusema kwamba marehemu hakuacha wosia. Angeuachaje? Tulimnyang'anya ile habari ambayo wosia husimama juu yake.

Tena nathubutu kusema kwamba mahali pengine mila hii ilirudi pasipo mtu kuitaja kwa jina. Miaka ya 1980 UKIMWI ulipozuka pande za Ziwa Viktoria, Rakai upande wa Uganda na Kagera upande wa Tanzania, palikuwa hapana dawa ya kuuzuia. Akina mama vijana walijua, miezi au miaka kabla, kwamba watawaacha watoto wadogo. Katika miaka ya 1990 chama cha wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi hivyo, kiitwacho NACWOLA, kilianza kuwafundisha wanachama wake kuandika vitabu vya kumbukumbu. Fikra ya vitabu hivyo ilitoka Uingereza, lakini kule Uganda ilipata udongo wake. Mama alichukua daftari akamwandikia mwanawe: ulizaliwa hivi na mahali hapa, baba yako alikuwa mtu wa namna hii, ukoo wetu ni huu na nyumbani kwetu ni pale, mambo uliyoyapenda ulipokuwa mdogo ni haya, na mimi naumwa ugonjwa huu. Lile la mwisho ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na wengi waliandika kitabu kwanza ndipo wakapata ujasiri wa kulitamka kwa mdomo. Hapana shaka wengi wa akina mama hawa hawakupata kuusikia Utendi wa Mwana Kupona. Lakini mtu akiviweka viwili hivi juu ya meza moja, daftari la Uganda na karatasi ya Pate, ataona mkono unaofanana.

Linafaa kutajwa pia jambo la maumivu. Mtu anayeteswa na maumivu makali hawezi kuusia, hawezi kusamehe, hawezi hata kumsikiliza mwanawe. Katika zama za Mwana Kupona hapakuwa na mengi ya kufanya. Leo ipo mofini ya maji, dawa ya bei ndogo. Nyumba za kuwatunza wagonjwa wasiotazamiwa kupona zilifunguliwa Nairobi mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993, na mwaka 2004 Uganda ilirekebisha kanuni zake ili wauguzi na maofisa wa tiba waliofundishwa maalumu wapate idhini ya kuiandika dawa hiyo, isiwe kazi ya madaktari peke yao. Wafanyakazi wa nyumba hizo hawamhudumii mgonjwa kwa dawa tu. Huketi na jamaa zake na kuwasaidia kuyasema yale wanayoogopa kuyasema. Kazi hiyo zamani ilifanywa na shangazi, au na mzee wa mtaa, aliyeingia chumbani akauliza pasipo kuzunguka: Je, mmekwisha takana radhi?

Walimu watakaoufundisha utendi huu mwaka ujao nawashauri wasianze na beti za mume, ingawa ndizo zinazoulizwa mtihanini. Waanze na zile za mwanzo kabisa, wazisome kwa sauti mara mbili, kisha wawaulize wanafunzi kwa nini mama aliye nyumba moja na binti yake amkose kwa mwaka mzima, na kwa nini siku alipoamua kusema aliagiza karatasi, hali binti yu mbele yake na masikio yake ni mazima.

Kisha waende kwenye ubeti wa Bwana Mataka, wasome jinsi alivyokuwa akiikariri radhi yake, wawaache wanafunzi wakae nao kidogo, ndipo warudi kwenye zile habari za upepo na hina na wanja.